Nan ya usiku ule Sinza

Ilikuwa 2019, niko mwaka wa mwisho pale Mlimani, naishi Sinza kwa mama mkubwa, chumba kimoja na mdogo wangu aliyekuwa fomu foo. Projekti yangu ilikuwa kupiga hesabu za jinsi mwale wa chembe unavyobanwa ndani ya mashine za kuharakisha chembe, zile kama ya CERN yenye mzingo wa kilomita 27, na nilikuwa naipenda ile kazi kupita kiasi.

Kinachonivutia mpaka leo ni kwamba sumaku ya kwadrupoli, yaani yenye ncha nne, ikibana mwale kwa upande wa kulala, kwa upande wa kusimama inautawanya, haiwezi kubana kote kwa pamoja, sasa wanachofanya wanazipanga kwa zamu, moja inabana inayofuata inatawanya, na jumla yake mwale unabanika pande zote mbili. Kila sumaku unaiandika kama metriksi, jedwali dogo la namba mbili kwa mbili, nafasi tupu nayo metriksi yake, unazizidisha zote unapata seli nzima, yaani kile kipande kinachojirudia, humo ndo unatoa beta inayokuambia mwale umepanuka kiasi gani.

Mfano wangu ulikuwa mwepesi tu: sumaku, mita 5 tupu, sumaku ya kinyume, mita 5 tena, na fokasi ya mita 5, yaani umbali ambao sumaku inakusanya mwale, ukiwa mfupi ndo sumaku ina nguvu. Naendesha skripti yangu ya Python, beta inasoma nan, yaani kompyuta inasema hii si namba. Nikajua sumaku zina nguvu mno, mwale hautulii, nikapandisha fokasi 10, 20, mpaka 50, nan tu. Nikapima ditaminanti, ile namba moja unayoipata kwa kuzidisha mishazari miwili ya metriksi na kutoa, maana lazima iwe 1, ikaja 1 kabisa, basi nikaamini metriksi ziko sawa na kosa liko kwenye fomula, nikaisoma fomula ile tangu magharibi mpaka saa nne usiku, macho yanauma, feni inazungusha joto tu.

Mdogo wangu akasogeza daftari. "Kaka, hebu niangalizie hili." Metriksi mbili za kuzidisha, yeye kachukua kila namba kaizidisha na mwenzake aliyekaa sehemu ileile. Nikamwambia sio hivyo mdogo wangu, unachukua mstari wa huku unaushusha kwenye safu ya kule, unazidisha afu unajumlisha, na hapo hapo nikanyamaza, kalamu iko hewani.

Kwenye Python nilikuwa nimezidisha kwa alama ya nyota, *. Kwenye numpy, maktaba ya hesabu ya Python, nyota inazidisha kila namba na mwenzake, vilevile kama daftari la dogo, ya kuzidisha metriksi ni @. Na ubaya wake, sumaku ina sifuri juu kulia, nafasi tupu ina sifuri chini kushoto, kwa hiyo ile -0.2 ya sumaku inafutwa na ile 5 ya nafasi inafutwa, inabaki 1 na 1 kwenye mshazari. Ditaminanti lazima itoke 1! Beta ikawa sifuri gawa kwa sifuri.

Sikugusa laptopu kwanza, nilipiga kwa mkono kwenye karatasi ya mwisho ya daftari lake, dogo ananiangalia: -1 na 15 juu, -0.2 na 2 chini. Jumla ya mshazari 1, nusu yake 0.5 ndo kosini ya pembe, yaani nyuzi 60, na beta ni ile 15 ya juu kulia gawa kwa saini ya pembe hiyo, 0.866, inatoka 17.32. Nikabadilisha nyota zote, nikaendesha. 17.32. Nilimkumbatia yule mtoto mpaka mama mkubwa akaita kutoka sebuleni kuna nini huko.

Kabla ya kulala nikashusha fokasi ikawa 2, chini ya robo ya urefu wa seli. Nan ikarudi, ila hii ilikuwa ya kweli, kosini imetoka -2.125, hakuna pembe ya namna hiyo, kila mzunguko chembe zinazidi kwenda pembeni mpaka zinagonga ukuta wa bomba.