Nilivyoseti taimingi ya Corolla DX hapa Dodoma bila kutegemea sikio

Nyie wenye gari za distributa (kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi) naombeni mnisikilize kidogo, maana injini nzuri kabisa zinakufa kwa taimingi mbaya, yaani plagi kupiga cheche wakati usio wake, kitu ambacho ukiwa na fila geji (vibati vya kupimia nafasi), balbu na taa ya taimingi unakimaliza asubuhi moja tu. Gari yangu ni Toyota Corolla DX, injini 4K ya cc 1290, kabureta na kontakti pointi (kiswichi ndani ya distributa, kikifunguka ndo cheche inatoka), niliachiwa na baba mdogo aliporudi Kongwa kulima. Kabla ya hapo ilikua imepita gereji moja ambayo wanaseti taimingi kwa mlio, mmoja anapiga resi mwingine ameshika distributa anaizungusha huku na huku, ikilia tamu wanakaza bolti, kazi imeisha.

Na kweli ikiwa imesimama ilikua inalia tamu. Shida ni ukiipa mzigo. Tukienda Manyoni, ukishapita Kintinku ule mlima wa Saranda ukikanyaga mafuta unasikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo, na ukizima ikiwa ya moto ukapiga stata tena stata inakwama, inarudishwa nyuma. Wengi wakisikia ule mlio wanasema valvu zimelegea. Sio valvu, hapo cheche inakuja mapema mno.

Kwanini taimingi ina maana kiasi hiki, angalia hesabu. Mafuta hayawaki yote kwa mpigo, yanachukua kama milisekunde 2 hivi, na injini ikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika krenki (shafti kubwa inayosukumwa na pistoni) inazunguka mara 50 kwa sekunde, yaani ndani ya hizo milisekunde 2 imeshatembea digrii 36. Ndo maana plagi inapiga kabla pistoni haijafika juu, ili presha kubwa imkute pistoni ameshapita juu kidogo anashuka, digrii 15 hivi. Cheche ikiwahi sana presha inapanda pistoni bado anapanda, mchanganyiko uliobaki pembeni unajilipua wenyewe kwa joto, ndo kule kugonga, na ukivumilia unatoboa pistoni au unaua gasketi ya silinda hedi. Ikichelewa hausikii kelele yoyote ila gari inakua nzito, inakunywa mafuta, inachemsha na ekzosi inakua na joto kali, na hii ndo inayowadanganya watu maana injini iko kimya wanaona iko salama wanaanza kubadilisha rejeta.

Nilienda kwa mzee mmoja pale Chang'ombe, fundi wa siku nyingi wa hizi gari. Nikamwambia shikamoo babu, nataka kuseti taimingi. Akaitikia marahaba mjukuu wangu, halafu akauliza, "Pointi zina nafasi gani?" Nikamwambia sijapima. "Basi distributa usiiguse. Pima pointi kwanza."

Ukweli ni kwamba hapa ndo penye siri yote. Nafasi ya pointi ikibadilika taimingi inabadilika nayo, ukiipanua pointi zinafunguka mapema taimingi inapanda, ukiibana inashuka, sasa mtu anayeseti taimingi kwanza halafu pointi baadae anakua amefanya kazi bure. Za kwangu zilikua zimeungua, moja ina kichuguu nyingine ina shimo, zikiwa hivyo fila geji inakaa juu ya kichuguu inakupa kipimo cha uongo, na mara nyingi kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue, nayo imechoka. Nikaweka pointi mpya na kondensa mpya, nikazungusha injini mpaka kile kimguu cha pointi kikae kwenye ncha ya kemu (ile shafti yenye kona inayofungua pointi), nikaseti milimita 0.45. Kidogo cha grisi kwenye kemu, kidogo sana, ikirukia kwenye pointi utalia.

Halafu silinda namba moja. Toa plagi zote injini iwe nyepesi, ziba tundu la namba moja kwa kidole, zungusha krenki kwa spana mpaka hewa isukume kidole. Usiangalie alama ya puli ya krenki peke yake, maana krenki inazunguka mara mbili kwa kila cheche moja ya silinda, kwahiyo alama inafika pale juu mara mbili na mojawapo ni ya kutoa moshi. Kidole kikisukumwa ndo unaileta alama kwenye digrii 8 kabla ya juu kabisa, ambazo ndo kipimo cha injini hii, na rota (kile kinachozunguka ndani ya distributa kugawa cheche) ikiwa inatazama waya wa namba moja uko sawa. Waya nyingine zinafuata 1-3-4-2 kwa upande rota inakozunguka.

Sasa balbu. Chukua balbu ndogo ya volti 12, waya mmoja kwenye koili upande ule unaoenda kwenye distributa, mwingine kwenye bodi, washa swichi. Pointi zikiwa zimefunga balbu imezima, zikifunguka tu inawaka. Legeza bolti ya distributa, izungushe taratibu kufuata upande wa rota mpaka balbu izime, halafu irudishe kinyume chake mpaka ile sekunde balbu inawaka, kaza hapo hapo. Kumbuka kupeleka distributa kinyume na mwendo wa rota ndo kuongeza taimingi, na digrii moja ya distributa ni digrii mbili za krenki, kwahiyo kidole kikiteleza kidogo tu umeharibu. Hii njia haina gharama na gari inawaka siku hiyo hiyo, hata ukiwa porini Mtera huko unaifanya.

Ila mimi nilitaka uhakika injini ikiwa inazunguka, babu akaniazima taa yake ya taimingi. Nikasafisha puli na petroli nikapaka alama chokaa nyeupe, taa nikaibana kwenye waya wa plagi namba moja, nikachomoa mpira wa vakyumu (unaovuta hewa toka kabureta kuongeza taimingi) kwenye distributa nikauziba kwa msumari, na sailensi, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, nikashusha mpaka mizunguko 750 hivi, ikiwa juu zaidi zile weti (vyuma vizito) za ndani ya distributa zinazoongeza taimingi kwa mwendo zinaanza kufunguka unasoma uongo. Alama ilionekana imesimama pale pale kwenye 8. Nikapiga resi polepole, ikawa inasogea kwenda mbele bila kurukaruka, maana yake weti zinafanya kazi na springi zake nzima. Ukiona inarukaruka kwenye sailensi angalia shafti ya distributa imelegea au cheni ya taimingi imechoka, hapo hata useti mpaka jioni haitulii.

Na ule mpira wa vakyumu, ukiwa umechomekwa upande wa distributa tu, unyonye kwa mdomo kabla ya kurudisha kwenye kabureta. Sahani ya ndani lazima isogee na ikae ukizuia hewa. Wa kwangu ulikua unapitisha hewa, diaframu (ile ngozi ndani ya kikopo cha vakyumu) imepasuka, kwahiyo kwenye mwendo wa kawaida gari ilikua inakosa zile digrii za ziada na ndo sababu barabara tambarare ya Bahi ilikua inakunywa mafuta wakati mlimani inagonga, vitu viwili vinavyopingana kwenye gari moja vilivyowachanganya mafundi wote. Nikapata nyingine sokoni, ya gari iliyochinjwa ila nzima.

Kilichobaki ni mwinuko. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa ina presha pungufu kama asilimia 12 ukilinganisha na pwani, silinda inajaa hewa kidogo, moto unatembea taratibu, kwahiyo injini inavumilia taimingi ya juu kidogo. Nikapandisha mpaka 10, nikapakia magunia ya mahindi nyuma, nikaenda nayo Saranda mchana wa jua kali, gia ya tatu mafuta chini kabisa. Kimya. Haikugonga hata mara moja na geji ya joto haikuondoka katikati, nilifurahi mno. Ingegonga ningeirudisha pale pale pembeni ya barabara, spana nilikua nayo.

Dar sishuki nayo ikiwa kwenye 10. Kule chini hewa ni nzito na joto lake, kwahiyo nimechora mstari kwa msumari kwenye kiti cha distributa palipo 8 na mwingine palipo 10, nikifika Morogoro nalegeza bolti narudisha kwenye 8, nikipandisha kurudi huku napeleka 10 tena.