Bath kwa hela ya kuungaunga

Wabongo wengi tunaoishi huku Uingereza tukisikia Bath tunaona ni mji wa wenye nazo, wa kwenda kuloweka mwili kwenye maji moto na kupiga picha juu ya paa. Mimi nimetoka huko na nasema nendeni tu hata kama mfuko umekauka, maana uzuri wa Bath uko barabarani na barabara hailipiwi.

Nilienda na basi toka London Victoria. Ukikata tiketi mapema inakuwa bei chee kuliko treni, ni kama masaa matatu njiani wakati treni ya Paddington ni saa moja na nusu hivi, ila kile unachookoa ndio kinakulipia kiingilio huko mbele. Kulala nililala Bristol, wikiendi vitanda vya hosteli pale Bath bei inapaa vibaya mno na toka Bristol kwa treni ni kama robo saa tu.

Kama una hela ya kitu kimoja, lipia mabafu ya Warumi. Hapo usibane. Wikiendi na kiangazi bei inapanda, kwa hiyo ukiweza nenda katikati ya wiki. Maji yanatoka ardhini yenyewe yakiwa na nyuzi joto 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku, inaaminika ni mvua iliyonyesha zamani sana kwenye vilima vya Mendip ikazama chini kabisa kwenye miamba ikapata moto ikapanda tena. Warumi walivyoyakuta wakajenga hekalu la mungu wa kike Sulis Minerva na bwawa la mita 1.6 kwenda chini, na sakafu yake ya mabati ya risasi, yale madini mazito siyo ya bunduki, ndio ileile mpaka leo. Mimi nilichogandia ni ule mfereji wa kutolea maji yaliyozidi, kuta zimekuwa rangi ya chungwa kabisa kwa sababu ya chuma kilichomo kwenye maji, mvuke unakupiga usoni, na yale maji bado yanapita kwenye njia waliyochimba wao.

Halafu kuna vile vibati. Watu walikuwa wakiibiwa wanaandika laana kwenye kipande chembamba cha risasi, wanakikunja wanakitupa kwenye chemchemi ili mungu amshughulikie mwizi, na vimeokotwa kama 130. Kimoja ni cha mtu anaitwa Docimedis, kaibiwa glavu mbili, glavu tu jamani, anaomba aliyezichukua apoteze akili na macho. Mtu wa Pwani akisoma pale anaelewa moja kwa moja, hiyo ni albadiri. Nilisimama kwenye lile kabati la kioo muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, unaona kabisa hasira ya mtu wa kawaida aliyeibiwa kitu kidogo akiwa hana pa kushtaki.

Kuogelea humo hairuhusiwi. Mwaka 1978 binti mmoja alifariki kwa kimelea cha amiba baada ya kuogelea kwenye maji ya chemchemi, wakafunga, na watu walikuja kupata sehemu ya kuogea maji hayo mwaka 2006 baada ya kujengwa Thermae Bath Spa. Kule kuingia ni ghali kuliko mabafu ya Warumi. Sikuingia na sikujutia.

Sasa vya bure. Pale nje ya Pump Room, ule ukumbi wa zamani ulio jirani na mabafu, uani mwa kanisa kubwa, kuna waongozaji wa kujitolea wa meya, wameanza tangu 1934, wanakuzungusha mji masaa mawili hawachukui hata tipu. Kabla ya kuanza angalia mbele ya kanisa, kuna malaika wa mawe wanapanda ngazi na wengine wanashuka kichwa chini. Daraja la Pulteney lina maduka pande zote mbili na ukiliangalia toka Grand Parade unaliona lote na yale maporomoko ya mto Avon chini yake, huna haja ya kulipia bustani ya pembeni. Chakula ni sandwich ya ofa supamaketi, ukale kwenye nyasi mbele ya Royal Crescent.

Hiyo Crescent ni nyumba 30 zimejipinda kama mwezi mchanga, zilijengwa 1767 mpaka 1774, jiwe lote rangi ya asali. Zunguka na nyuma. Mbele John Wood mdogo alichora zote zifanane, nyuma kila mnunuzi alijenga anavyotaka yeye, huku limetokeza hili kule lile, mimi nilipapenda kuliko mbele. Na tusisahau hela ya mji huu nyingine imetoka wapi. Kule juu Lansdown kuna mnara wa William Beckford, utajiri wake ulikuwa mashamba ya miwa Jamaica na watumwa waliotoka kwetu Afrika. Ukiangalia uzuri wote ule hilo nalo ulibebe.

Ila kwangu safari ilikamilika Fairfield House, upande wa Newbridge. Haile Selassie baada ya Mussolini kuivamia Ethiopia alikimbilia huku, akanunua hii nyumba 1936 akaishi mpaka 1940, baridi kali, hela inambana, mfalme mzima. Mei 1941 akarudi Addis Ababa. Na hakuiuza, mwaka 1958 aliwapa watu wa Bath iwe ya wazee, na mpaka leo wazee wakiwemo wenye asili ya Karibiani wanakutana mle. Kila Mwafrika anayefika Bath apite pale, nasema kwa moyo wote, wengi tunaishia kwenye mabafu tunageuza. Toka katikati ya mji ni mwendo wa kama dakika 45 kwa mguu au unapanda basi la mjini, ila cheki kwanza siku wanazofungua kwa wageni maana sio kila siku.