Shimo Chini ya Tangi

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa nafundisha hisabati katika shule moja ya kibinafsi mjini Nakuru. Haukupita muda tukaambiwa mshahara nao umesimama hadi watoto watakaporudi. Nikajikuta nyumbani Kiamunyi, nguvu ninazo, muda ninao, pesa sina. Mtu wa namna hiyo ni hatari kwa nyumba yake mwenyewe.

Nilianza na mlango wa choo uliokuwa ukikwaruza sakafu. Niliupiga randa hadi paka akaweza kupita chini yake. Kisha nikabadilisha koki ya jikoni bila kufunga maji kwanza, na hayo sitayaeleza zaidi. Mama watoto alipanguza sakafu kimya kimya, akaniambia, "Baba, pumzika kidogo." Sikupumzika.

Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Ya mfereji yalikuja siku mbili kwa wiki, tena usiku wa manane, na redio kutwa inatuhimiza tunawe mikono. Jamaa wa mkokoteni alituuzia mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20. Maji ya visima vya huku kwetu nayo yana floridi nyingi. Ukitaka ushahidi, mwombe aliyekulia Nakuru atabasamu. Mimi mwenyewe meno yangu ya mbele yana rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo maana mvua ikinyesha hapa, watu hutoa hata sufuria nje.

Basi nikakaa na kalamu. Upande mmoja wa paa letu ni mita 10 kwa 4. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kwa hiyo mvua ya milimita 25 ingetuletea lita 1,000. Bure! Nilimwonyesha mama watoto hesabu hiyo nyuma ya karatasi ya unga, nikaizungushia duara. Tangi tulikuwa nalo, la lita 2,300, nililolinunua mwaka uliotangulia kwa mkopo wa chama. Lilikuwa limelazwa nyuma ya nyumba, kuku wakitagia ndani. Lilikosa msingi wa kukalia tu.

Na fundi alikuwepo. Alikuwa jirani yangu wa mkono wa kushoto, tukitenganishwa na kayaba, ua wa miti ya miiba. Kazi za mjengo zilikuwa zimekauka, naye alishinda uani kwake akinoa jembe ambalo tayari lilikuwa kali. Aliponiona na sururu kwenye kona ya jikoni, alisogea hadi kwenye kayaba, akainua kichwa juu ya miiba.

"Mwalimu, hapo unapochimba..."

"Niko sawa, jirani. Ni kakazi kadogo tu."

Kesho yake akarudi. "Mwalimu, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Nikikwama nitakuita, fundi. Asante sana."

Nilidhani anatafuta kibarua. Nami sikuwa na cha kumlipa, na kumtazama mtu mzima usoni ukamwambia "sina" kulinishinda kuliko kupiga sururu. Kwa hiyo nilimkatiza kwa adabu, mara mbili, na mara ya tatu hakuja.

Udongo ulichimbika kama unga. Nilifurahi, nikajisifu kwamba mkono umezoea kazi. Nilichimba kwenda chini futi moja, nikapanga mawe kwa duara, mistari miwili, katikati nikajaza udongo ule ule niliokuwa nimeutoa, nikaukanyaga kwa gambuti. Juu nikamwaga zege. Sikuwa na pimamaji, kwa hiyo nililaza ubao, na juu ya ubao chupa ya soda yenye maji nusu, nikachungulia povu limekaa wapi. Zege hutakiwa limwagiliwe maji siku saba. Langu nililimwagilia siku tatu, kwa sababu kila mtungi ulikuwa shilingi 20. Siku ya nne tulilisimamisha tangi, mimi na mama watoto, kuku wakilalamika. Nikafunga gata, nikaelekeza bomba, nikapiga picha.

Mvua kubwa ilikuja usiku katikati ya Aprili. Nililala nikisikiliza maji yakiingia. Tangi tupu hulia kama ngoma. Kadiri linavyojaa, sauti inashuka, inakuwa mnong'ono. Niliusikia mnong'ono huo, halafu nikasikia maji yakifurika na kumwagika chini, pale pale kando ya msingi. Hata hilo lilinifurahisha. Nilimwamsha mama watoto kumwambia limejaa.

Kama saa nane hivi nikasikia mlio mwingine, kama mtu mnene anayekalia kiti kibovu. Nilitoka na tochi. Zege lilikuwa limepasuka katikati, upande wa kulia umezama kama shubiri mbili, na tangi limeegemea ukuta wa nyumba. Gata ilikuwa imeng'oka, inaning'inia. Hapo ndipo hesabu niliyoisahau iliponijia: lita moja ya maji ni kilo moja. Mwalimu wa hisabati nilikuwa nimepiga hesabu ya ujazo, nikaizungushia duara, na wala sikujiuliza uzito. Tani mbili na kilo 300 zilikuwa zimeegemea ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo walilala wanangu.

Tuliwahamishia sebuleni. Kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa hadi saa kumi na moja alfajiri, na hata isingekuwepo, ningemwita nani? Nilifungua koki ya tangi. Ile koki ya nusu inchi ilitoa maji kwa upole wa mtu asiye na haraka. Nikasimama pale mvuani na mkono juu ya tangi, kana kwamba mkono wangu ungelizuia.

Kulipopambazuka kayaba ikatikisika, fundi akapenya kwenye pengo wanalopitia watoto, barakoa usoni, mpira wa maji begani. Sikuwa nimemwita. Alizunguka tangi mara moja, akachuchumaa, akachomeka fimbo kando ya msingi. Ikazama yote.

"Mzee aliyekuuzia shamba alikuwa na shimo la taka hapa," alisema. "Alilifukia mwaka aliouza. Ndiyo nilikuwa nataka kukuambia."

Sikupata la kujibu. Naye hakungoja jibu. Alipanda ngazi, akatumbukiza mpira juu, akavuta kwa mdomo hadi maji yakaja, akatema, akauelekeza kwenye ndoo. Tulijaza mitungi, makarai, beseni la kuogea mtoto, hadi sufuria ya ugali. Vyombo vilipokwisha, mama watoto alisimama getini akaita majirani. Walikuja na mitungi yao wakiwa na barakoa, wakijitahidi kusimama mbalimbali, ila mtungi unapojaa huwezi kuuinua peke yako, na umbali ukasahaulika. Yule jamaa wa mkokoteni alipita, akasimama, akatazama wateja wake wote kwenye foleni yangu. Akachukua wake mmoja pia. Yaliyobaki fundi aliyachimbia mfereji hadi kwenye sukuma wiki.

Kulifukua lile shimo kulituchukua siku tatu. Nilichimba mimi, yeye akaelekeza. Tulitoa chupa, malapa, majivu, mifuko ya plastiki iliyoshikana kama chapati, na kichwa cha mdoli mwenye jicho moja. "Bado," fundi akawa ananiambia. "Chimba mpaka jembe likatae." Lilikatalia kama futi tano chini. Akanieleza kwamba huku udongo wetu ni majivu ya volkano: ukikauka ni vumbi, na maji yakiupiga mahali pamoja unakimbia nayo na kuacha uwazi. Kwa hivyo hata pasingekuwa na shimo, yale maji yaliyofurika yangenichimbia langu.

Tulijaza mawe kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa kwa gogo lenye mikono miwili. Safari hii zege liliwekewa wavu wa chuma, likazidi upana wa tangi pande zote, na bomba la maji ya kufurika likapelekwa mbali, hadi kwenye mparachichi. Nililimwagilia siku saba, asubuhi na jioni, fundi akinihesabia kutoka kwake.

Siku ya mwisho nilijikaza nikamwambia sina. Akasema alijua, mshahara ukisimama, mtaa mzima hujua. Nilimpa gorogoro nne za mahindi na mbili za maharagwe, tukakubaliana nimfundishe hesabu mwanawe aliyekuwa darasa la nane. Kijana alikuja kila jioni kabla ya kafyu, tukaketi kwenye mawe yaliyobaki. Mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi ulisogezwa hadi Machi 2021, kwa hiyo tulikaa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Swali lake la kwanza la ujazo lilihusu tangi. Baba yake, aliyekuwa akisikiliza ng'ambo ya kayaba, akauliza kama hesabu za vitabuni huwa na mashimo ya taka.

Mvua iliyofuata ilinyesha Mei, usiku tena. Nilisikia ngoma, kisha mnong'ono, kisha maji yakikimbia kwenye bomba kuelekea mparachichi. Sikuweza kulala. Nilichukua tochi nikatoka, nikamulika zege kuzunguka lote, nikakagua ukuta, nikainama kuangalia chini. Nilipoinuka nikaona mwanga mwingine ukipenya kwenye miiba ya kayaba, ukitembea polepole kwenye tangi langu, kutoka juu hadi chini.

"Limesimama?" akauliza.

"Limesimama."

Mwanga ukazimwa, nikasikia mlango wake ukifungwa.