Hotuba ambayo Lucy Gichuhi hakuitoa

Juzi nimetoka zamu ya usiku nikakuta bili ya stima imeingia kwenye simu: dola 684 kwa miezi mitatu. Ni majira ya baridi, hita haizimwi, nyumba zenyewe hapa Adelaide zinavuja joto kama chekeche, na jimbo letu la South Australia linajulikana Australia nzima kwa umeme ghali. Ninyi mlioko nyumbani pigeni hesabu wenyewe kwa shilingi, halafu mkumbuke tokeni ya elfu moja inakaa siku ngapi pale Nakuru.

Jioni yake nikaitaja bili hiyo tukinywa chai kazini. Mwenzangu mmoja akacheka, akasema, "Si umwombe yule seneta wenu wa laki mbili akulipie." Meza nzima ikacheka. Hakuna aliyeuliza ni seneta yupi.

Nimekaa na hasira tangu siku hiyo, na nimeona afadhali niiandike.

Huyo "seneta wenu", ambaye sasa hayuko tena bungeni, ni Bi. Lucy Gichuhi, binti wa kijiji cha Hiriga, Nyeri, mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika nyeusi kuketi katika Bunge la Australia. Mwaka 2018 alisema kwenye mahojiano kwamba dola laki mbili kwa mwaka si pesa nyingi. Mshahara wa msingi wa seneta wakati huo ulikuwa umepita kiasi hicho kidogo tu. Alikosea, na simtetei. Mimi nawainua wazee kitandani, nawaogesha, nawalisha, na nikijumlisha hadi zamu za Krismasi sifiki nusu ya hizo. Kulikuwa pia na nauli za ndege za jamaa zake waliokuja kwenye sherehe yake ya kuzaliwa, zilizolipiwa na umma. Alizirudisha, zaidi ya dola 2,100. Hilo nalo lilikuwa kosa.

Lakini mtu aliyekaa Seneti miaka miwili na zaidi kidogo, akasimama mara kwa mara kuzungumza, anabakije na sentensi moja ya mahojiano? Maneno yake yote ya ukumbini yapo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge, karibu neno kwa neno, bure, yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma. Nimeyasoma mengi usiku, wazee wakiwa wamelala. Wale waliocheka sidhani kama wamesoma hata ukurasa.

Niliwahi kuingia ukumbi ule tulipokwenda Canberra na kikundi cha kanisa. Kuingia ni bure, unapita tu kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege. Baraza la Wawakilishi ni la rangi ya kijani, Seneti ni nyekundu: viti vyekundu, zulia jekundu. Kilichonishangaza ni utupu. Seneta mmoja alikuwa amesimama anazungumza kuhusu maji ya mto Murray, na mbele yake hawakuzidi watu saba, wawili kati yao wanasoma simu. Saa inahesabu dakika zake kurudi nyuma. Hakuna anayemsikiliza, naye anaendelea kwa sauti ileile, kwa sababu haongei na wale saba. Anaongea na kumbukumbu. Hapo ndipo nilielewa kazi ya seneta. Hata kwetu, tangu Seneti irudi mwaka 2013 baada ya ile ya kwanza kuvunjwa 1966, tumezoea kupima mheshimiwa kwa kelele za mikutano, si kwa alichoacha kimeandikwa.

Siku moja tu ukumbi hujaa kwa ajili yako: siku ya hotuba ya kwanza. Mila yao ni kwamba hukatizwi, hata na wapinzani, na ukimaliza wanapanga foleni kukupa mkono na kukukumbatia. Bi. Gichuhi alitoa yake tarehe 21 Juni 2017. Alilitaja Hiriga. Nataka mlielewe hilo polepole: jina la kijiji cha Nyeri likasomwa mbele ya maseneta wa Australia na likaandikwa. Alikataa pia kuitwa mhanga wa ubaguzi wa rangi, na akasema vikali juu ya watu kulemazwa na misaada ya serikali. Hapo sikubaliani naye. Ubaguzi haungojei ruhusa yako ndipo uume. Wakenya wengi hapa hawakukubaliana naye pia, na tulibishana hadi kwenye matanga. Ila lilikuwa neno lake, amelifikiria, na alikuwa na haki ya kulisema bila kuulizwa kwanza kama Waafrika wote wanakubali.

Na sauti yake haikuwa ya urembo. Serikali wakati huo ilikuwa na maseneta 29 kati ya 76, nayo ilihitaji kura 39 ili mswada upite. Yeye alikuwa huru, kwa sababu chama alichogombea nacho, Family First, kilijiunga na kile cha seneta Cory Bernardi na yeye akakataa kufuata. Kwa hiyo mawaziri ndio waliomtafuta. Siku hizohizo za Juni mswada wa fedha za shule ulipita usiku wa manane, na kura yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoubeba. Mama aliyefika nchi hii mwaka 1999, mhasibu, akarudi darasani kusomea sheria ugenini watoto wakiwa wakubwa, ikafika siku waziri anabisha mlango wake kuuliza atapiga kura vipi. Mwambieni hivyo yule anayecheka kwenye chai.

Jinsi alivyoingia inafaa kila anayetaka kuja huku aijue. Alikuwa wa pili kwenye orodha ya chama chake uchaguzi wa 2016. Aliyekuwa wa kwanza, Bob Day, mahakama ya juu ikaamua hakustahili kuchaguliwa kwa sababu ya kifungu cha 44 cha katiba, na kura zilipohesabiwa upya kiti kikamwangukia Bi. Gichuhi. Kifungu hichohicho kinakataza mbunge kuwa raia wa nchi nyingine, na mwaka 2017 kiliwang'oa wengi, hata naibu waziri mkuu. Yeye walimwandama nacho pia. Kilichomwokoa ni sheria ya zamani ya Kenya, ile tuliyoilaani miaka yote kwa kutunyang'anya uraia tulipochukua wa ugenini. Alipokuwa Mwaustralia, Ukenya wake ukafutika wenyewe. Tangu katiba ya 2010 sisi wa sasa tunabaki na pasipoti mbili, na wengi waliopoteza wameomba kurudishiwa. Ni vizuri, mimi ninazo zote mbili. Lakini kama una mtoto anayeota siasa za huku, au wewe mwenyewe, jua kwamba uraia wa nyumbani utauachia, kwa barua na stakabadhi, kabla ya siku ya kujiandikisha kugombea. Usingoje kuambiwa na mahakama.

Na mkiwa mnapanga safari, msidanganywe na mshahara wa kwenye tangazo. Ulizeni bei ya stima, ulizeni kodi ya nyumba ya wiki, maana huku kodi inahesabiwa kwa wiki. Tunzeni kila hati ya mshahara. Jiungeni na chama cha wafanyakazi mwezi wa kwanza, kabla hamjakosana na mtu.

Sasa lile linaloniuma. Februari 2018 aliingia chama cha Liberal, kilichokuwa kikiongoza serikali. Katikati ya mwaka chama kikapanga orodha ya uchaguzi uliofuata, kikamweka nafasi ya nne, na kila mtu alijua viti vya uhakika haviwezi kufika hapo. Agosti wakamng'oa waziri mkuu wao, Malcolm Turnbull, na wiki hiyo wanawake kadhaa wakalalamika kwamba walitishwa na kuonewa ili wapige kura upande fulani. Bi. Gichuhi akatangaza kwamba anafikiria kusimama ndani ya Seneti na kuwataja waonevu kwa majina. Ndani ya ukumbi ule kuna kinga ya bunge: ukisema humo, hakuna wa kukushtaki. Katika nchi hii kubwa yote, ile ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mwanamke mweusi mwenye lafudhi ya Nyeri angeweza kutaja jina la mkubwa na asipoteze nyumba yake kwa mawakili.

Tulingoja. Mwanzoni mwa Septemba akakutana na waziri mkuu mpya, Scott Morrison, kisha akasema suala limechukuliwa na mkubwa mwenyewe. Majina hayakutajwa. Muhula wake ukaisha tarehe 30 Juni 2019.

Nimeitafuta hotuba ile kwenye Hansard kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni akijua kabisa ameuacha mezani. Nimesoma za kodi na za familia, nyingine nzuri, nyingine za kawaida. Hiyo haipo.

Simlaumu, na sababu ninayo. Miaka miwili iliyopita msimamizi wangu alikuwa akiigiza lafudhi yangu kila tunapokabidhiana zamu, mbele ya wote, hadi mzee mmoja ninayemhudumia akaanza kuiga naye. Niliandika barua ya malalamiko, kurasa mbili, na tarehe zote. Nikaitwa ofisini, nikapewa chai, nikaambiwa wamenisikia na watalishughulikia wenyewe ndani kwa ndani. Nikatoka nikiwa nimeiondoa barua. Nilishukuru hata! Kwa hiyo najua mkutano wa namna ile unavyokuwa, najua mlango unavyofungwa taratibu nyuma yako na sauti zinavyokuwa laini.

Jana usiku nilimpigia mama nikamsimulia yote, bili na kicheko na Bi. Gichuhi. Akaniuliza, "Na ile barua yako iko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia, "Ipo kwenye kompyuta, mama."

"Basi."

Mkutano wa wafanyakazi ni Jumanne ijayo. Nimemwandikia mwenyekiti anipe dakika tano, na nimeomba anayeandika kumbukumbu awepo.