Bonde Takatifu la Peru: nilianzia chini, nikamalizia juu

Kosa kubwa la wanaokwenda Bonde Takatifu la Wainka, watawala wa Peru kabla ya Wahispania, ni kulala Cusco, mji ulio juu zaidi ya bonde, usiku wa kwanza. Ndege inakutoa Lima, ufukweni, na baada ya saa moja na kitu uko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atanielewa: ni kutoka Tanga hadi kati ya kambi za Mandara na Horombo bila kupiga hatua. Kichwa kinagonga, usingizi hauji, chakula hakipiti.

Uwanjani sikukaa. Niliunganisha hadi Ollantaytambo, mji wa bondeni, mita 2,800 hivi, mwendo wa saa mbili. Magari madogo ya abiria yako mtaa wa Pavitos mjini Cusco na, kama daladala zetu za zamani, hayaondoki mpaka yajae. Begi kubwa hufungwa juu, kwa hiyo dawa, maji na koti vibaki mkononi. Nilikuwa nameza asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, miligramu 125 asubuhi na jioni, tangu siku moja kabla ya kuruka. Muulize daktari kwanza, hasa kama salfa inakudhuru. Inakojolesha sana, basi kunywa maji hata kama huna kiu. Chai ya koka, ambayo wenyeji huinywa kwa ajili ya mwinuko, inywe hukohuko. Majani usifungashe, kwani nchi nyingi huyahesabu dawa za kulevya.

Tiketi ya bonde peke yake nililipishwa soli 70 (fedha ya Peru), taslimu. Inaingiza magofu ya Wainka ya Pisac, Ollantaytambo, Chinchero na Moray, ila kwa siku mbili tu, na hapo ndipo watu wanapojiumiza kwa kukimbizana na saa. Anayetaka kwenda taratibu achukue tiketi kamili ya soli 130, ya siku kumi. Majaruba ya chumvi ya Maras yana kiingilio chake, na siku hizi huruhusiwi kukanyaga ndani.

Ollantaytambo ingia saa moja asubuhi, mabasi ya watalii hayajafika. Matuta yale ni ngazi tupu: pumzika kila tuta la tatu, usione aibu. Juu kuna mabamba sita ya mawe ya rangi ya waridi, na katikati ya bamba na bamba kumechomekwa ukanda mwembamba wa jiwe, umeshika barabara bila chokaa wala udongo. Geuka utazame ng'ambo ya mto Urubamba. Machimbo ya Kachiqhata, mawe hayo yalikotoka, yako kule juu mlimani, na mawe yaliyoachwa njiani wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Hapa ndipo Manco Inka, mfalme wa Wainka, alipomrudisha nyuma Hernando Pizarro na Wahispania wake, akifungulia maji ya mto tambarare ya chini izame na farasi wakwame.

Pisac usiipande kutoka mjini. Chukua teksi hadi lango la juu, ushuke kwa miguu kama saa mbili. Magoti yatalalamika, mapafu hayatadai kitu. Mvua za Novemba hadi Machi hufanya mawe yateleze, viatu viwe na meno.

Moray na Maras nilizipa siku ya tatu. Chinchero, mita 3,760, karibu sawa na Horombo, niliiweka mwisho, kwa kuwa iko njiani kurudi Cusco. Ukifika pale ukaanza kutapika au kuyumba kama mlevi, usingoje kupambazuke: rudi bondeni usiku huohuo.