Siku moja maishani mwangu: fundi wa kaiti Paje, msimu wa kusi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nimeshasali, na cherehani iko juu ya keria ya daladala, imefungwa kamba mara mbili. Kwangu ni mjini Unguja, na kazi yangu ya mwaka mzima ni kanzu, magauni na sare za shule. Lakini kusi ikishashika, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, siku nyingi huwa Paje, pwani ya mashariki ya kisiwa, nashona kaiti, yale matanga yanayojazwa hewa na kumvuta mtu juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao. Kaskazi ikiingia Disemba narudi tena hadi Machi. Masika na vuli upepo hauna msimamo, na miezi hiyo ni ya kanzu.

Njia ni kama kilomita 50. Tunapita Tunguu, tunaingia msitu wa Jozani, ambako dereva anapunguza mwendo kwenye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, maana walikuwa wakigongwa wakivuka barabara. Kisha Kitogani, na baada ya hapo harufu ya bahari inaingia madirishani.

Saa moja na nusu asubuhi

Kijiji chenyewe cha Paje kiko nyuma kidogo, na nyumba zake za mawe, msikiti wake na maduka yake ya mkate na sukari. Mbele, ufukweni, ndiko ulikoota mji wa upepo: shule za kaiti, bendera za kuonyesha upepo unatoka wapi, mbao zilizosimamishwa ukutani, wageni pekupeku wanaokunywa kahawa huku macho yako baharini. Vijana wa hapa wanakizungumza Kitaliano kana kwamba wamezaliwa nacho. Wakikutana watu wawili, mwenyeji au mgeni, baada ya salamu swali ni moja: leo maji yanajaa saa ngapi?

Leo mwezi kumi na sita, bamvua. Anayejua hilo hahitaji kutazama simu. Pwani yetu, siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne na nusu asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu saa hizo hugeuka, na maji hayapungui sana wala hayazidi sana. Hapa mwamba uko mbali na pwani nao huvunja mawimbi ya bahari kuu. Ndani yake ni mchanga na maji ya magoti hadi kifua, na upepo unatoka upande mmoja kwa miezi mitatu minne. Hiyo ndiyo sababu mchezo huu uliweka kambi Paje miaka ya 2000. Upepo huohuo na mwamba huohuo wavuvi wa ngalawa walikuwa wakivitumia tangu babu zao.

Saa mbili na nusu

Nafanyia kazi barazani, chini ya bati. Kaiti za leo ameshazikusanya mwanafunzi wangu, kijana wa hapahapa aliyemaliza kidato cha nne. Tunaanza na kuosha chumvi. Maji matamu ni ya kubania, kwani visima vya karibu na bahari vina ladha ya chumvi, kwa hiyo tunaosha pale tu patakaposhonwa, tunakausha kivulini, kisha tunapangusa kwa spiriti ili kiraka kishike.

Kabla ya kukata kiraka nataka asome mchaniko. Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Kitambaa cha kaiti ni poliesta nyembamba iliyofumwa kwa vijiraba vya uzi mnene, na huo uzi mnene ndio unaozuia tundu dogo lisiwe pasuko la mita nzima. Vitundu vidogovidogo vilivyotawanyika, hiyo ni mivinje: mtu amerusha karibu mno na miti. Mkwaruzo chini ya bomba la mbele, lile linalojazwa hewa, hilo ni jiwe: maji yalikuwa machache na kaiti imeburutwa. Pasuko lililonyooka kisha likakunja kona, mara nyingi ni mambo, vile vijiti wanavyochomeka mchangani akina mama wa mwani.

Ya kwanza leo ina pasuko la kona.

Saa nne na nusu

Maji yametoka kabisa. Siku za bamvua sishoni saa hii. Nampeleka kijana chini, tutembee mpaka kwenye mashamba ya mwani.

Mwani ulianza kulimwa kwa biashara hapa Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na sehemu kubwa ya wakulima wake Zanzibar ni wanawake. Mambo mawili, kamba katikati, na kwenye kamba vishada vya mwani vilivyofungwa kwa nyuzi. Baada ya kama wiki sita unavunwa, unaanikwa, unasafirishwa nje kutolewa karajinani inayoingia kwenye dawa ya meno, vipodozi na vyakula. Kuna aina ya spinosamu, isiyo na bei, na kuna aina ya kotoni yenye bei nzuri ambayo haistahimili joto. Maji ya kina kifupi yakipata moto inaoza kambani. Mwanamke anainama hapa kwa saa kadhaa, na saa zake anapangiwa na mwezi.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia mmoja aliyekuwa akifunga kamba.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutazama kazi yenu?"

Akanionyesha. Kamba mbili zimekatika, mambo yameng'oka, mwani umekwenda na maji. Jana alasiri, akasema, mwanafunzi wa kaiti alianguka juu ya shamba, akajizungushia kamba za kaiti yake, wakaja wenzake kumtoa. Wote wakakanyaga.

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyekuja kumwona. Hakuna.

Hapa nataka niseme lililo moyoni. Kaiti iliyochanika imeletwa kwangu kabla jua halijapanda, na mwenyewe atalipa bila kubishana sana. Kamba ya bibi huyu imechanika kwa ajali ileile, na fundi wake ni yeye mwenyewe, bure, akiwa amezama magotini. Mimi nakula kwa kaiti na naupenda mchezo huu. Umewapa vijana wa Paje kazi ya ualimu, ya ulinzi, na hii ninayomfundisha kijana wangu. Kwa hiyo nasema kama mtu wa ndani: kila shule ingeanza somo la kwanza wakati wa maji kupwa, mgeni atembezwe shambani, aoneshwe mambo yako wapi na nani mwenyewe. Maji yakijaa vijiti havionekani, na mgeni haoni ila bahari tupu. Na kamba ikikatwa ilipwe siku hiyohiyo, kama ninavyolipwa mimi.

Kijana wangu hakusema kitu. Alichutama, akashika ncha moja ya kamba, bibi akafunga.

Saa saba na robo

Adhuhuri, kisha wali na samaki kwa mama ntilie. Tukala haraka, kwa sababu upepo ulikuwa umeshaanza kuvuta bati.

Saa nane na nusu

Maji yanarudi kwa kasi na kaiti zinapanda moja baada ya moja. Hapa barazani ndiyo saa ya mipira ya ndani. Bomba la mbele la kaiti lina mpira mrefu wa plastiki laini ndani ya kitambaa kigumu. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio walioomba hataza ya kaiti ya kujazwa hewa mwaka 1984: ikianguka majini haizami, na mtu anaweza kuirusha tena alipo. Bila hewa hiyo, kuanguka kungekuwa mwisho wa safari.

Mpira ukitoboka unafungiwa uzi mrefu kila ncha kabla ya kuvutwa nje, maana uzi huo ndio utakaourudisha ndani bila kujisokota. Tunaujaza hewa, tunauzamisha kwenye beseni la maji ya sabuni, tunasubiri povu. Tunaweka alama kwa kalamu, tunakausha, tunabandika, tunapaka poda ili uteleze, tunaurudisha taratibu. Anayeharakisha hapa atautoa tena kesho.

Saa kumi na nusu

Maji tele. Kusi inasukuma kila kitu kaskazini, hivyo kaiti iliyomponyoka mtu Paje hutafutwa upande wa Bwejuu. Leo imerudi moja juu ya bodaboda, imekunjwa vibaya, imejaa mchanga. Mwenye nayo alifika baadaye kwa miguu. Nikamwambia ukweli: mshono wa bomba umeachia, hii ni kazi ya kesho.

Mwenye ile kaiti ya pasuko la kona alikuja kuichukua. Nilimtajia bei, kisha nikamweleza pasuko lilipotoka na ni kamba za nani zilizokatika. Alinyamaza kidogo, akauliza bibi anapatikana wapi. Kijana wangu akaondoka naye kwenda kijijini.

Saa kumi na mbili jioni

Magharibi imekaribia, na kijana amerejea. Nimemwachia kiraka kidogo chenye zigizaga ashone peke yake. Kwenye poliesta mshono mzito haufai, kila tundu la sindano linadhoofisha kitambaa, na yeye ameushindilia. Nikampa kifumulio, afumue aanze upya. Kesho maji yatakupwa baada ya saa tano, kwa hiyo asubuhi ana muda wa kutosha.