Anza na Mlango, Mtungi Utafuata

Mwenye karakana ya ushonaji au stoo ya ghorofani Dar es Salaam akiulizwa amejiandaaje na moto, mara nyingi ataonyesha mtungi mwekundu ukutani na risiti ya ukaguzi. Vyote viwili ni vya lazima. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 inampa mkaguzi haki ya kuingia ndani, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ambayo OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, huisimamia, inamtwika mwajiri usalama wa waliomo. Lakini mtungi wa unga wa kilo 6 huisha ndani ya nusu dakika. Baada ya hapo kilichobaki ni mlango.

Kwa hiyo nenda ukakae kwenye kiti cha fundi aliye mbali zaidi na mlango, kisha inuka utembee mpaka barabarani. Angalia kila kinachokuzuia: robota la vitambaa kwenye ngazi, meza ya kukatia iliyosogezwa "kwa leo tu", mlango unaofungukia ndani ambao watu kumi wakiusukuma hauvutiki tena. Halafu jaribu mlango wa nyuma. Ukikuta kufuli, uliza ufunguo uko kwa nani na yuko wapi saa hii.

Kufuli hilo huwekwa kwa hofu ya wizi, na hofu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, moto ulipozuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, tarehe 25 Machi 1911, mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Siku hiyo walikufa watu 146. Weka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, ukiongeza kengele inayolia mlango ukifunguliwa. Grili ya dirisha moja angalau iwe na bawaba. Na kama vijana wanalala dukani, usiwafungie kwa nje hata usiku mmoja.

Sasa umeme. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba kama wati 3,000. Pasi mbili za wati 1,800 kwenye ekstensheni moja ni wati 3,600, na waya ukiwa umeviringishwa joto halina pa kutokea. Breka ikianza kukatika mara kwa mara, fundi asiyejali huleta kubwa zaidi. Huo ndio ubaya wenyewe: breka ipo kuulinda waya. Waya wa milimita mraba 2.5 uliokuwa na breka ya ampea 20, ukiupa ya 40, utaungua ndani ya ukuta kabla breka haijashtuka. Dawa ni kuvuta laini mpya ya pasi, na kumpa mtu mmoja kazi ya kuzima meni swichi ya karakana kila jioni.

Mitungi ichague kwa kufuata kinachoweza kuwaka. Unga mkavu wa aina ya ABC unafaa kwa vitambaa na hata penye umeme. Kaboni dioksidi ni nzuri karibu na mitambo ya umeme, ila kwenye chumba kidogo inaondoa hewa ya kupumua, na pembe yake inakuwa baridi kiasi cha kuunguza mkono. Mafuta ya kupikia yanayowaka usiyamwagie maji kamwe. Zima jiko, funika sufuria. Mtungi utundikwe njiani kuelekea mlangoni, ili anayeufuata awe anatoka. Kila mwezi tazama mshale wa geji uwe kwenye kijani. Wa kaboni dioksidi kwa kawaida hauna geji, hivyo fundi aupime kwenye mizani. Gesi ikipungua zaidi ya asilimia 10, ujazwe.

Kila mfanyakazi aushike kwa mikono yake: chomoa pini, elekeza kwenye shina la moto kutoka mita mbili hivi, bana mpini, pepeta kushoto na kulia. Mtungi mmoja ukishindwa, au moshi ukianza kushuka kutoka darini, toka.

Mazoezi ya kutoka yafanyike bila taarifa, saa ya kazi nyingi. Taja majina kabisa: nani anakata umeme, nani anapiga 114 na kutaja mtaa pamoja na alama inayojulikana, nani anasimama barabarani kuonyesha gari la zimamoto pa kupita. Na yupo mmoja ambaye husahauliwa karibu kila mahali, yule wa kubeba daftari la mahudhurio. Bila hilo daftari, askari wa zimamoto anaweza kurudi ndani ya moshi kumtafuta mtu aliyekwenda kula saa moja iliyopita.